Udhibiti wa sukari kwa wenye kisukari wanaosafishwa damu

Udhibiti wa sukari kwa wenye kisukari wanaosafishwa damu ni kazi ya kuweka kiwango cha glukosi katika damu mahali salama kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi na ambaye damu yake husafishwa kwa mashine au kupitia utando wa tumbo. Usafishaji huo huitwa pia dayalisisi. Ni sehemu ya tiba ya kisukari, lakini una kanuni zake, na baadhi ya kanuni hizo ni kinyume cha zile ambazo mgonjwa huyohuyo alifundishwa miaka ya nyuma. Kwa muda mrefu aliambiwa aogope sukari kupanda. Figo zikishakufa, hatari ya kila siku ni sukari kushuka. Zaidi ya hayo, kipimo cha maabara, dalili za mwilini, hata tende aliyozoea kubeba mfukoni kwa dharura, haviaminiki tena kama zamani.

Kisukari na shinikizo la damu ndiyo magonjwa yanayoongoza duniani kwa kuua figo za watu wazima, na katika nchi nyingi kisukari kinashika nafasi ya kwanza. Kwa hiyo katika kitengo chochote cha kusafisha damu, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Maskati au mjini Unguja, sehemu kubwa ya wagonjwa walio kwenye mashine wana kisukari pia.

Historia kwa ufupi

Insulini ilianza kutumiwa kutibu watu mwaka 1922 huko Toronto, Kanada. Mashine ya kwanza ya kusafisha damu ya binadamu iliyofanya kazi ilitengenezwa na daktari Willem Kolff nchini Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mrija wa kubaki mkononi, na hapo ikawezekana kumsafisha mgonjwa mmoja mara nyingi kwa miaka. Katika miaka hiyo ya mwanzo mashine zilikuwa chache, na wenye kisukari mara nyingi hawakuchaguliwa kwa sababu ilidhaniwa hawataishi muda mrefu. Ndiyo maana elimu ya kutawala sukari kwa wagonjwa hawa ni changa: ilianza kukua baada ya milango kufunguliwa kwao, hasa kuanzia miaka ya 1970.

Figo, insulini na glukosi

Insulini inayotengenezwa na kongosho hupita kwanza kwenye ini, na ini hubomoa karibu nusu yake kabla haijasambaa mwilini. Insulini ya sindano haifuati njia hiyo. Huingia kwenye damu kutoka chini ya ngozi, na kiungo kinachobeba mzigo mkubwa wa kuiondoa ni figo. Figo zikishindwa kazi, sindano ileile ya uniti 20 hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi na kushusha sukari zaidi. Mgonjwa hajabadilisha kitu, dozi ni ya zamani na daktari ni yuleyule, lakini dawa imekuwa kali kuliko ilivyokuwa.

Figo pia hutengeneza glukosi. Mtu anapolala usiku kucha bila kula, ini na figo husaidiana kuingiza glukosi mpya kwenye damu ili ubongo usikose chakula. Figo zikifa, akiba hiyo hupungua, na saa za alfajiri huwa za hatari. Kuna jambo la tatu lisilo la kitaalamu sana, nalo ni hamu ya kula. Sumu zinazobaki kwenye damu huleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni. Mgonjwa huchoma sindano ya sahani nzima ya wali kisha hula vijiko vitatu.

Upande wa pili wa mizani, sumu hizohizo hufanya misuli isiitikie insulini vizuri, na kabla ya kuanza kusafishwa hali hiyo huweza kupandisha sukari. Usafishaji unapoanza na sumu zikapungua, misuli huanza kuitikia tena. Kwa sababu hiyo wiki za kwanza za kusafishwa damu ni wakati ambapo dozi inahitaji kuangaliwa upya, mara nyingi kwa kupunguzwa.

Kwa wagonjwa wengi sukari hushuka kiasi kwamba wanaacha dawa zote. Wataalamu wameliita jambo hili kisukari kilichojizima. Karibu theluthi moja ya wenye kisukari wanaosafishwa damu nchini Marekani wamekutwa na kipimo cha miezi mitatu chini ya asilimia 6. Nyumbani jambo hili hupokewa kwa furaha na kuelezwa kuwa mgonjwa amepona kisukari. Hajapona. Madhara ya macho, neva na mishipa ya miguu yapo palepale, kidonda cha mguu bado kinaweza kuishia kukatwa, na kushuka huko kwa sukari kwenyewe mara nyingi ni dalili ya kula vibaya na kudhoofika.

Wakati wa kusafishwa damu

Katika njia ya mashine, damu hutolewa mwilini, hupitishwa kwenye chujio na kurudishwa. Upande wa pili wa chujio hupita maji yenye chumvi maalumu, na kwa kawaida huwa na glukosi pia, mara nyingi takriban 5.5 mmol/L. Glukosi ni molekuli ndogo, hivyo hupita kwenye chujio kwa urahisi kutoka penye nyingi kwenda penye kidogo. Mgonjwa anayefika na sukari ya 15 huipoteza kwa kasi katika saa za mwanzo; anayefika na 5 hubaki karibu hapohapo. Pale ambapo maji yasiyo na glukosi kabisa hutumika, mwili hupoteza gramu kadhaa za glukosi kila mara na hatari ya kushuka huwa kubwa zaidi.

Insulini nayo hupungua, kwani sehemu yake hunasa kwenye chujio. Matokeo yake ni mawimbi: sukari hushuka mashine inapozunguka, kisha hupanda jioni mgonjwa anapokula akiwa nyumbani. Anayeona namba kubwa ya jioni akaongeza insulini ya usiku hujiwekea mtego, kwa sababu mahitaji ya insulini hubaki chini hata siku inayofuata. Utafiti ulioongozwa na daktari Eugène Sobngwi wa Kamerun, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia wagonjwa wachache kwa karibu sana na kukuta kwamba insulini ya msingi waliyohitaji siku baada ya kusafishwa ilikuwa pungufu kwa robo kuliko siku iliyotangulia usafishaji. Insulini ya chakula haikubadilika sana. Kwa hiyo kuna vitengo vinavyowaandikia wagonjwa dozi mbili tofauti, moja ya siku za mashine na nyingine ya siku za kawaida.

Ratiba ya kawaida ni saa 4 kwa kikao, mara tatu kwa wiki. Katika Afrika Mashariki wengi hufanyiwa mara mbili tu kwa sababu ya gharama. Safari pia ni sehemu ya hesabu. Mkazi wa Tunguu, katika Wilaya ya Kati ya Unguja, mwenye zamu ya asubuhi mjini huondoka nyumbani mapema. Akichoma sindano alfajiri, akaahirisha chai mpaka afike, akangoja daladala, akangoja kitanda, kisha akakaa kwenye mashine saa 4, insulini yake itakuwa imefanya kazi nusu siku bila chakula. Ni busara zaidi sindano isubiri chakula kuliko chakula kisubiri sindano. Sukari ipimwe kabla ya kuunganishwa, na mgonjwa abebe kitu cha kula njiani kurudi. Mlo mzito akiwa kwenye mashine huweza kushusha shinikizo la damu. Kipande cha boflo au chapati kabla ya kuanza kinatosha kwa wengi.

Kusafisha kupitia tumbo ni jambo jingine. Maji yanayotiwa tumboni huwa na glukosi nyingi, kuanzia takriban asilimia 1.4 hadi karibu asilimia 4, kwa sababu ndiyo inayovuta maji ya ziada kutoka mwilini. Mwili hunyonya gramu 100 hadi 200 za glukosi hiyo kwa siku, na hapo tatizo kuu hurudi kuwa kupanda kwa sukari na unene.

Vipimo

Kipimo cha HbA1c, kinachojulikana kama kipimo cha sukari cha miezi mitatu, hutazama glukosi iliyonata kwenye himoglobini ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi takriban siku 120, na kipimo hutegemea urefu huo wa maisha. Kwa mgonjwa wa figo chembe hufa mapema. Tena huchomwa sindano za erithropoietini zinazozalisha chembe mpya, na mara nyingine huongezewa damu ya mtu mwingine. Chembe changa hazijapata muda wa kunatwa na glukosi, kwa hiyo jibu husoma chini ya ukweli. Ni sawa na kutazama vumbi juu ya meza iliyofutwa jana ili kujua nyumba ilikuwa na vumbi kiasi gani kwa miezi mitatu.

Kwa mtu mwenye figo nzima, HbA1c ya asilimia 6.5 ina maana ya wastani wa takriban 7.7 mmol/L. Kwa aliyeongezewa damu wiki iliyopita, namba hiyohiyo inaweza kuficha wastani ulio juu zaidi kwa mbali. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ni wa kawaida kwa wagonjwa hawa, huvuta kipimo upande wa pili. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2022 unasema wazi kwamba uaminifu wa HbA1c ni mdogo kwa wanaosafishwa damu. Japani imechagua kipimo kingine, cha albumini iliyonatwa na glukosi, ambacho hutazama wiki mbili hadi tatu tu na hakitegemei chembe nyekundu. Hata hivyo nacho hupotoka kwa mgonjwa mwenye albumini ndogo.

Kinachobaki ni kupima kidole. Mashine ndogo ya nyumbani ina udhaifu wake: damu inapokuwa nyepesi kwa upungufu wa chembe, mashine nyingi husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 4.5 ya mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu inaweza kuwa chini ya 4. Kidole kilichomenya embe bila kunawa hutoa namba ya ajabu pia. Onyo kubwa zaidi linahusu wanaosafishwa kupitia tumbo kwa maji ya ikodekstrini. Mwili huyageuza kuwa maltosi, na baadhi ya vipande vya kupimia huihesabu maltosi kama glukosi. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za vifo 13. Wagonjwa waliongezewa insulini kwa namba isiyokuwapo.

Vihisio vinavyobandikwa kwenye ngozi na kusoma sukari usiku na mchana vimefumbua mengi kuhusu mawimbi ya siku za mashine, lakini bei yake iko mbali na familia nyingi za pwani. Mwenye vipande vichache vya kupimia atafaidika zaidi akivitumia kabla ya mashine, baada ya mashine na alfajiri, kuliko kuvimaliza vyote siku moja ya kawaida. Vidole vya mkono wenye mshipa wa kusafishia damu huachwa. Hutumika vya mkono mwingine.

Kiwango kinacholengwa

Hakuna jaribio kubwa lililolinganisha viwango tofauti kwa wagonjwa wa mashine, kwa hiyo malengo yametokana na ufuatiliaji wa wagonjwa wengi kwa miaka. Picha inayojirudia ni ya bonde: vifo huwa vingi kwa wenye HbA1c ya juu sana na tena kwa wenye ya chini sana, na pungufu katikati, takriban asilimia 7 hadi 8. Wataalamu wa Uingereza hupendekeza asilimia 7.5 hadi 8.5 kwa wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu. Wajapani hulenga sukari chini ya 10 hadi 11 mmol/L kabla ya mashine. Anayesoma namba za miligramu atazidisha mmol/L kwa 18.

Kijana mwenye matumaini ya kupandikizwa figo huweza kulenga chini kidogo ili kulinda macho yake. Mzee anayeishi peke yake huachwa juu kidogo. Kumpongeza mzee huyo kwa sukari ya 5 kila asubuhi si kumtendea wema.

Dawa

Dawa mbili zinazotolewa zaidi katika zahanati za Afrika Mashariki, metformini na glibenklamidi, zote mbili hazifai kwa mgonjwa wa mashine. Metformini hutolewa na figo. Ikijaa mwilini huweza kusababisha asidi kwenye damu, hali inayoua. Glibenklamidi hubomolewa na ini, lakini mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari na hutoka kwa figo. Kushuka kunakosababishwa nayo huweza kurudi tena na tena kwa siku nzima au zaidi, hata baada ya mgonjwa kupewa glukosi na kuzinduka. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo hulazwa na kuangaliwa, harudishwi nyumbani mara moja. Vidonge vilivyobaki kabatini havina budi kuondolewa. Wazee wengi hurudia vidonge vya zamani siku sindano zinapowaishia.

Kati ya dawa za kundi la glibenklamidi, glipizidi ndiyo huonekana salama zaidi, na gliklazidi hutumika kwa uangalifu. Linagliptini haihitaji kupunguzwa dozi. Sitagliptini hupunguzwa hadi miligramu 25 kwa siku. Dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo hazishushi sukari kwa mtu ambaye figo zake hazichuji.

Insulini ndiyo tegemeo. Kanuni ya zamani inayotumika bado ni kupunguza dozi ya jumla kwa robo figo zinapodhoofika, na kwa nusu zinapokaribia kufa kabisa, kisha kurekebisha kwa vipimo. Insulini iliyochanganywa ya 30/70, inayopatikana sana hospitalini, ni ngumu kwa wagonjwa hawa kwa sababu sehemu ya chakula na sehemu ya msingi haziwezi kupunguzwa mbalimbali.

Jambo moja husahaulika katika nchi za joto. Chupa iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne ikiwa mahali pasipo joto kali. Ikiachwa juu ya kabati chini ya bati, hupoteza nguvu taratibu, sukari hupanda, na dozi huongezwa. Siku chupa mpya inapofunguliwa, dozi hiyo iliyoongezwa hukutana na dawa yenye nguvu kamili. Pasipo friji, chungu cha udongo chenye maji, kikiwekwa kivulini na chupa ikiwa ndani ya kifuko kisichopitisha maji, hupunguza joto kwa kiasi cha kutosha.

Sukari kushuka

Sukari iliyo chini ya 4 mmol/L huhesabiwa kuwa imeshuka, na chini ya 3 ni hatari. Dalili zinazojulikana ni jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio. Kwa aliyeishi na kisukari miaka 15 au 20 neva zinazoleta dalili hizo mara nyingi zimekufa, na dawa za shinikizo kama atenololi na propranololi huzificha zaidi. Dalili ya kwanza huwa ni kuchanganyikiwa, ukali usio wa kawaida, au usingizi. Watu wa nyumbani husema mashine imemchosha, wakamwacha alale.

Kwenye kitanda cha kusafishia, kushuka kwa shinikizo la damu huleta jasho na kizunguzungu vilevile. Wauguzi wenye uzoefu hupima vyote viwili kabla ya kuamua. Kuna hata tunda linaloiga hali hii: tunda la rangi ya njano, jamaa ya birimbi, ambalo likikatwa huonekana kama nyota. Kwa mgonjwa wa figo sumu yake haitoki, na huleta kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege na wakati mwingine kifo.

Tiba ya nyumbani ndiyo sehemu inayohitaji kufundishwa upya kuliko zote. Mtu mwenye figo nzima akishukiwa na sukari hupewa chochote kitamu: tende, juisi ya machungwa, ndizi mbivu, madafu. Vyote hivi vina potasiamu nyingi, na figo zilizokufa haziwezi kuitoa. Kikombe cha madafu kina takriban miligramu 600. Potasiamu ikizidi katika damu husimamisha moyo, na mgonjwa anayekaribia siku yake ya mashine tayari amejaa. Anaweza kuokolewa na kushuka kwa sukari akauawa na dawa yake. Kinachofaa ni sukari ya kawaida, vijiko vya chai vitatu hadi vinne katika maji kidogo, kama nusu glasi, au asali, au glukosi ya unga. Baada ya dakika 15 hupimwa tena na kurudiwa ikibidi, kisha huliwa kitu cha wanga kama mkate. Aliyepoteza fahamu hatiliwi kitu mdomoni. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Akiwa kwenye mashine hupewa glukosi moja kwa moja kwenye mrija.

Sukari kupanda

Mtu mwenye kisukari sukari ikipanda hukojoa sana na kukauka. Mgonjwa asiyekojoa hakauki. Glukosi hubaki kwenye damu, huvuta maji kutoka kwenye chembe za mwili, na kuamsha kiu kali. Anakunywa, na kwa kuwa maji hayana pa kutokea, hufika kwenye mashine na kilo nne au tano za ziada, miguu imevimba na pumzi fupi. Kwa hiyo mgonjwa anayelaumiwa kila wiki kwa kunywa maji mengi huenda halaumiki. Sukari yake ndiyo inayomnywesha. Potasiamu nayo hupanda sukari inapopanda. Tiba yake hospitalini ni insulini kidogo kidogo. Dripu za maji mengi, zinazowaokoa wagonjwa wengine, humzamisha huyu.

Chakula

Mgonjwa hutakiwa kufuata sheria tatu zisizopatana. Kisukari kinakataza sukari na wanga mwingi. Figo zinakataza potasiamu, fosforasi, chumvi na maji. Usafishaji wenyewe unakula protini, hivyo lazima ale samaki, kuku au mayai ya kutosha, takriban gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Vyakula ambavyo kliniki ya kisukari ilivisifu, kama dona, maharage na mboga za majani, sasa vinahesabiwa kwa potasiamu na fosforasi zake, huku wali mweupe na boflo vikirudi mezani kwa kipimo.

Mihogo, mbatata, viazi vitamu na ndizi za kupika vina potasiamu nyingi, lakini hupungua vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo na kuchemshwa kwa maji mengi yanayomwagwa, kabla ya kuungwa kwa nazi kidogo. Urojo una mbatata, ukwaju na chumvi pamoja. Unga wa majani ya mlonge, unaouzwa kama dawa ya sukari, una potasiamu nyingi, na karela hushusha sukari juu ya insulini iliyokwisha kuchomwa. Vyote viwili daktari anapaswa kuvijua.

Ramadhani

Kwa visiwa ambavyo karibu wakazi wote ni Waislamu, suala la funga haliepukiki. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na muungano wa DAR, uliotolewa upya mwaka 2021, unawaweka wenye kisukari wanaosafishwa damu katika kundi la hatari kubwa na kushauri wasifunge. Sheria ya dini yenyewe humruhusu mgonjwa kula, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku aliyokula. Wanazuoni wengi huona pia kwamba kusafishwa damu kunabatilisha funga ya siku hiyo, kwa sababu maji ya mashine huingiza glukosi mwilini.

Wengine hufunga hata hivyo, hasa siku zisizo za mashine. Hatari yao iko mchana, lakini iko pia magharibi. Futari ya Unguja, yaani tende, mihogo au ndizi za nazi, tambi za sukari, kaimati na sharubati, huleta kwa saa moja sukari, potasiamu na maji ya siku nzima. Anayeamua kufunga huhitaji kupanga dozi upya wiki kadhaa kabla, kupima mchana, na kufungua mara sukari inapofika chini ya 4 au kupita 16.

Huduma Zanzibar

Kabla ya huduma ya kusafisha damu kuanzishwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja, mgonjwa wa Zanzibar alilazimika kuvuka bahari na kuishi Dar es Salaam, au kusafiri nje ya nchi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ambacho kampasi yake kuu iko Tunguu, hufundisha madaktari na wauguzi, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliundwa kwa sheria ya mwaka 2023 ili kugharamia matibabu kwa njia ya michango. Ugumu uliobaki ni wa uratibu. Kliniki ya kisukari na kitengo cha kusafisha damu ni milango miwili, kila mmoja na daftari lake, na dozi iliyoandikwa mlango wa kwanza kabla figo hazijafa huweza kuendelea kuchomwa miezi mingi baada ya mgonjwa kuhamia mlango wa pili.

Baada ya kupandikizwa figo

Upandikizaji wa figo nchini Tanzania ulianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikafuata. Figo mpya huanza mara moja kubomoa insulini na kutengeneza glukosi, hamu ya kula hurudi, na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, hasa za jamii ya steroidi na takrolimasi, hupandisha sukari. Kisukari kilichojizima huwaka tena, mara nyingi ndani ya siku chache, na mgonjwa aliyekaa miaka bila sindano huondoka wodini akiwa na insulini mkononi.